Gari Likizimika Njiani: Jinsi ya Kuutafuta Ugonjwa Wake

Ingawa magari mengi yaingiayo Kenya siku hizi hupimiwa petroli kwa amri ya kompyuta, yako bado magari ya zamani ambayo injini zake hulishwa kwa kabureta. Mengine hupeleka mboga sokoni, mengine hutunzwa na wenyewe kama urithi wa baba. Mojawapo lijulikanalo sana ni Volkswagen ya mviringo, ile ambayo injini yake iko nyuma na hupozwa kwa upepo badala ya maji. Kiwanda cha mwisho kilichotengeneza gari hilo, huko Puebla katika nchi ya Meksiko, kiliacha kazi hiyo tarehe 30 Julai 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21 kutoka viwandani. Wazee wa Kenya hulikumbuka kwa ajili ya mashindano ya Safari, ambayo Tommy Fjastad aliyashinda nalo mwaka 1962.

Gari hilo lina sifa nyingi, lakini likizeeka huwa na tabia moja iwaudhiyo wenyewe: huzimika bila kuzimwa. Laweza kuzimika langoni asubuhi, au penye makutano ya njia, au katikati ya reli. Hapo mwenye gari hushuka, hufunua injini, huchukua bisbisi na kuanza kuzungusha kila skrubu aionayo juu ya kabureta. Baada ya robo saa gari lina magonjwa mawili badala ya moja, na lile la kwanza bado halijajulikana. Kisha hununua kabureta mpya, halafu pampu, halafu koili. Fedha za karo ya watoto huliwa na vipuri, na gari lazimika vile vile. Wako walioliuza gari zima kwa bei ya chuma chakavu, kumbe kilichokosekana ni kipande cha waya.

Makala hii yaeleza jinsi ya kuutafuta ugonjwa kabla ya kufungua kitu chochote. Mifano yake ni ya Volkswagen, lakini mwenye Peugeot 404 au Land Rover ya petroli atakuta mambo ni yale yale, ila vitu vimewekwa mahali pengine.

INJINI YATAKA NINI

Injini ya petroli yataka vitu vitatu: hewa, petroli na cheche ya moto. Kazi ya kabureta ni kuchanganya viwili vya kwanza. Kipimo chake ni karibu sehemu 15 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Maneno hayo yaonekana madogo mpaka mtu apige hesabu: lita moja tu ya petroli, ili iungue vizuri, yahitaji lita zipatazo 9,000 za hewa. Kwa hiyo kabureta si chombo cha kumimina petroli, kama wengi wanavyodhani, bali ni chombo cha kuvuta pumzi, na tundu dogo lipitishalo hewa pasipo idhini laweza kuharibu kipimo chote.

Ndani ya kabureta mna kisima kidogo cha petroli. Katika kisima hicho huelea boya, na boya likipanda husukuma sindano inayofunga mlango wa petroli, mfano wa boya la tangi la maji la nyumbani. Kutoka kisimani petroli hunyonywa kupitia matundu membamba sana ya shaba, ambayo mafundi huyaita jeti. Liko jeti la mwendo na liko jeti dogo la kuiweka injini hai gari likiwa limesimama. Tofauti ya majeti hayo mawili ikumbukwe, kwa kuwa itahitajiwa mbele.

SWALI LA KWANZA

Daktari hampi mgonjwa dawa kabla ya kumwuliza maumivu yalianza lini. Vivyo hivyo mwenye gari ajiulize kwanza: lilizimikaje? Kuna namna mbili. Namna ya kwanza ni kuzimika ghafula, kama kwamba mtu amezungusha ufunguo. Injini ilikuwa ikivuma, mara kimya. Namna ya pili ni kuzimika kidogo kidogo: gari hupoteza nguvu, hukohoa, hujikaza tena, halafu hufa.

Gari likizimika ghafula, aghalabu ni umeme wa moto uliokatika. Likizimika kwa kukohoa, aghalabu ni petroli isiyofika, au hewa iliyozidi. Sababu yake ni nyepesi kuelewa. Petroli ikikatika, kile kisima cha kabureta huwa bado kina akiba kidogo, na injini huinywa akiba hiyo mpaka tone la mwisho. Lakini umeme hauna akiba. Kanuni hii haikosi kabisa kukosea, ila mafundi wazoefu huianza nayo, na wengi wao husema kwamba kabureta hulaumiwa kwa makosa ambayo ni ya cheche.

Mara gari lizimikapo, na kabla ya kuzungusha starta tena na tena, yafaa kufanya jaribio moja lisilogharimu kitu. Ufunguo ukiwa umezimwa, chujio la hewa liondolewe juu ya kabureta, mtu atazame ndani ya koo lake, na kwa mkono asukume ule mkono wa chuma unaovutwa na waya wa pedali ya mafuta. Petroli ikiruka ndani kama mchirizi mwembamba, basi kisima kina petroli, na mwenye gari aende akatafute cheche. Pasiporuka kitu, basi ugonjwa uko upande wa petroli. Kwa dakika mbili nusu ya njia zote za upotevu imekwisha kufungwa. Wala sigara isiwepo karibu.

GARI LILILOZIMIKA GHAFULA

Umeme wa betri, ambao katika Volkswagen za kuanzia mwaka 1967 kwa kawaida ni volti 12, hauwezi kuruka penye plagi kwa nguvu yake wenyewe. Hupelekwa kwanza kwenye koili, ambayo huukuza hata ufikie maelfu ya volti. Lakini koili hutoa nguvu hiyo wakati ule tu umeme unaoingia ndani yake unapokatwa. Anayeukata ni vidole viwili vya chuma vilivyomo ndani ya distributa, ambavyo mafundi huviita pointi. Hugusana na kuachana mara nyingi sana katika kila dakika.

Hapa ndipo penye ugonjwa wa kwanza na wa kawaida kuliko yote. Kidole kimoja cha pointi husukumwa na mhimili unaozunguka, na kisigino chake huliwa polepole kama kisigino cha kiatu. Kikiisha kuliwa, nafasi kati ya vidole hupungua. Injini hupoteza nguvu, huwa nzito kuwaka, na mwisho vidole haviachani tena kabisa na gari halitoki mahali. Nafasi itakiwayo katika Volkswagen ni milimita 0.4, ipimwe kwa jani la chuma la kupimia, pointi zikiwa zimeachana mwisho wa kuachana kwake. Wenye magari waliozoea mashine za siku hizi husahau kwamba jambo hili lataka kuangaliwa kila baada ya kilomita 5,000 hivi. Tena kisigino kipakwe grisi kidogo, kidogo sana, maana ikirukia penye pointi itazima gari siku hiyo hiyo.

Ugonjwa wa pili ni wa kondensa, kikopo kidogo kilichofungwa ubavuni mwa distributa. Kazi yake ni kuupokea umeme pointi zinapoachana, usije ukaruka hapo na kuziunguza. Kondensa mbovu ina hila: gari likiwa baridi huenda vizuri, likipata moto huzimika, na likipoa huwaka tena. Pointi zikionekana zimeungua au zimeota chunusi baada ya muda mfupi tu, kondensa ndiyo ya kushukiwa. Bei yake ni ndogo, na kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi. Koili nayo hufanana nayo kwa tabia hiyo ya kufa kwa joto. Kwa hiyo asiyejua humtupa asiye na kosa. Jaribu kondensa kwanza, kwa kuwa ndiyo ya bei nafuu.

Kuitazama cheche yenyewe si vigumu. Waya mnene utokao katikati ya koili uchomolewe penye distributa, ushikwe kwa koleo yenye mpikio wa mpira, ncha yake iwekwe karibu na chuma cha injini kwa umbali wa milimita 6 hivi, na mtu mwingine azungushe starta. Cheche nzuri ni ya buluu, nene, na hulia. Cheche ya manjano iliyo nyembamba ni ya mgonjwa. Jaribio hili lisifanywe kamwe mahali ambapo petroli imemwagika au yanuka.

Zaidi ya hayo, kuna nyaya. Ndani ya distributa umo waya mfupi unaokwenda kwenye pointi, nao hukunjwa na kukunjuliwa kila dereva akanyagapo mafuta. Baada ya miaka mingi nyuzi zake za shaba hukatika ndani, na ngozi ya nje hubaki nzima. Gari la namna hii huwatia watu wazimu: likisimama linawaka, likienda linakatakata, likisimama tena ni zima. Waya huo ushikwe kwa vidole na kuvutwa taratibu. Ukinyooka kama mpira, umekufa. Hali kadhalika mahali pa kutia ufunguo hulegea kwa uzito wa rundo la funguo zinazoning'inia. Ili kulijua hilo, waya mmoja wa muda hupelekwa kutoka upande wa betri wenye alama ya kujumlisha hadi kwenye koili, penye namba 15. Gari likienda vizuri kwa waya huo, koili na distributa hazina hatia. Lakini ikumbukwe kwamba ufunguo hautaweza kuizima injini tena. Utakaoizima ni kuondoa waya ule, nao usiachwe hapo injini ikiwa imesimama, maana koili itaungua.

GARI LIZIMIKALO PENYE MAKUTANO TU

Wako madereva wasemao, "Gari langu halina ubaya likienda, lakini nikiondoa mguu hufa." Hawa hawana haja ya kununua pampu wala koili. Petroli na cheche ziko, ila lile jeti dogo la kuiweka injini hai halipati kitu, au hewa ya wizi inaingia.

Katika Volkswagen za tangu miaka ya mwisho ya 1960 kuna kitu kidogo cha mviringo kilichopachikwa ubavuni mwa kabureta, chenye waya mmoja. Ndani yake mna sumaku ya umeme na sindano. Ufunguo ukiwashwa, sumaku huvuta sindano na kufungua njia ya petroli ya jeti dogo. Ufunguo ukizimwa, njia hufungwa, ili injini isiendelee kutetemeka baada ya kuzimwa. Waya huo ukichomoka, gari litakwenda mbio vizuri lakini litazimika kila lisimamapo. Maelfu ya shilingi yamepotea kwa waya huu. Kuupima ni rahisi: ufunguo uwashwe bila kuwasha injini, waya uchomolewe na kurudishwa, na sikio liwe karibu. Pakilia "ta", kitu ni kizima. Pasipolia, ama umeme haufiki, ama sumaku imekufa.

Pakiwa pamelia na gari bado lazimika, jeti dogo lifunguliwe na kupulizwa kwa pampu ya baiskeli. Lisichokolewe kwa waya, hata wa shaba, kwa kuwa tundu lake limepimwa kwa usahihi mkubwa, na likikwaruzwa halirudi tena kuwa lilivyokuwa.

Hewa ya wizi hujulikana kwa sauti nyembamba ya kufyonza, na kwa mzunguko wa injini unaopanda na kushuka bila mtu kukanyaga. Hupita penye gasketi chini ya kabureta, penye mipira inayounganisha mabomba ya hewa na vichwa vya silinda, au katika mpira mdogo uendao kwenye distributa. Wako mafundi wanaoitafuta kwa kunyunyiza petroli juu ya viungo hivyo injini ikiwaka. Desturi hiyo ni ya hatari kupita kiasi. Maji kidogo yanyunyizwayo penye kiungo yatafanya kazi hiyo hiyo: yakinyonywa, mzunguko wa injini utabadilika mara moja.

ASUBUHI NA CHOKI

Injini ya baridi yataka petroli nyingi zaidi, na hiyo ndiyo kazi ya choki, kilango kinachopunguza hewa. Katika magari mengi ya zamani dereva huvuta choki kwa mkono, na ugonjwa mkubwa ni usahaulifu wake. Katika Volkswagen za tangu miaka ya 1960 choki hujifungua yenyewe kwa springi inayopashwa moto kwa umeme. Waya wa springi hiyo ukikatika, choki haifunguki: gari huwaka vizuri alfajiri, kisha baada ya kilomita mbili tatu hutoa moshi mweusi na kuzimika, na plagi huwa nyeusi kama chungu cha jikoni. Choki isiyofunga, kwa upande wake, hulizima gari dakika za kwanza tu, na likipata joto halina neno.

Rangi ya plagi ni ushahidi mzuri kila mara. Kahawia isiyokoza ni afya. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi. Weupe wa chokaa ni petroli haba au hewa ya wizi.

GARI LIFALO SAFARINI NA KUFUFUKA

Gari hutoka vizuri, huenda kilomita 30, hukohoa, hufa. Dereva hungoja robo saa, akijaribu huwaka, na baada ya kilomita kadhaa habari ni ile ile. Gari la namna hii lisipokuwa na kondensa mbovu, huwa lanyimwa petroli.

Cha kwanza ni kifuniko cha tangi. Petroli ikitoka, sharti hewa iingie mahali pake. Tundu la hewa likizibwa kwa vumbi au nyigu, tangi hujifunga pumzi, na pampu haiwezi kuvuta. Gari likiisha kuzimika, kifuniko kifunguliwe huku mtu akisikiliza: pakisikika hewa ikiingia kwa kishindo cha kunyonya, mwizi amekamatwa.

Cha pili ni uchafu. Petroli iliyonunuliwa kwa debe kando ya njia huja na mchanga, maji, na wakati mwingine mafuta ya taa. Uchanganyaji huo ulikuwa umeenea hata mwaka 2018 Serikali ikatoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwakatisha tamaa wachanganyaji. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini, katika tangi na katika kisima cha kabureta, mahali pale pale majeti yanaponyonya. Tangi linaloachwa nusu tupu katika usiku wa baridi hujitengenezea maji lenyewe kwa umande wa ndani. Petroli ya kisima imwagwe katika chupa ya kioo nyeupe na kuachwa itulie: maji yataonekana chini kama mboni.

Cha tatu ni pampu. Mpira wa petroli huchomolewa penye kabureta na kutiwa katika chupa, waya mnene wa koili ukiwa umeondolewa ili pasiwe na cheche, na starta ikazungushwa. Petroli itoke kwa kuruka-ruka, kwa nguvu. Ikidondoka tu, ama kiwambo cha pampu kimepasuka, ama chujio limeziba, ama mpira mkuukuu umefumuka na kunyonya hewa.

Katika joto la nyika, kama baina ya Voi na Mtito Andei, petroli huweza kugeuka mvuke ndani ya bomba kabla ya kufika, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Kitambaa chenye maji kikiwekwa juu ya pampu na bomba, gari huwaka tena. Mwenye gari atazame ni kwa nini bomba hilo liko karibu mno na chuma cha moto, na kama feni inavuta upepo ipasavyo.

MILIMA YA KENYA NA KABURETA

Jambo lifuatalo halimo sana katika vitabu vya Ulaya, lakini dereva wa Kenya hulikuta kila mwaka. Atokaye Mombasa kwenda Eldoret huanzia usawa wa bahari, hupita Nairobi penye mita zipatazo 1,700, na hufika Timboroa penye mita zaidi ya 2,700. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Ya Timboroa ni nyepesi kwa karibu robo. Kabureta haijui habari hiyo. Huendelea kutoa petroli karibu kama ilivyozoea, na mchanganyiko hunenepa. Ndiyo maana gari lililorekebishwa pwani likatulia huweza kusitasita huko juu, kutoa moshi, na kuzimika penye makutano, bila kuwa na kitu kibovu. Dawa ni kuirekebisha skrubu ya petroli mahali gari linapokaa, injini ikiwa na moto, na kwa anayekaa juu sana kutia jeti dogo zaidi. Na gari la Timboroa lililorekebishwa hivyo likishuka kwenda Mombasa halina petroli ya kutosha, litapata joto kupita kiasi, na vali zake zitaungua.

Tena kuna barafu. Wengi hucheka waambiwapo kwamba katika Kenya barafu huweza kulizima gari, na hali hutokea Limuru, Kinangop na Molo wakati wa ukungu wa mwezi wa Julai. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu maji yapenyayo ubavuni hukauka na kuchukua joto. Petroli igeukapo mvuke hufanya vivyo hivyo, ila kwa nguvu zaidi: joto la ndani ya kabureta laweza kushuka digrii 20 chini ya joto la nje. Asubuhi yenye digrii 10 na ukungu, unyevu wa hewa hugandamana kuzunguka kilango cha kabureta na kuziba pumzi. Gari huzimika baada ya kilomita chache. Mwenyewe huita fundi. Fundi akifika, joto la injini limekwisha kuyeyusha barafu, gari lawaka, na kosa halionekani. Fundi hulipwa, na kesho yake ni yale yale.

Waliounda Volkswagen walilijua jambo hilo. Chini ya kabureta walipitisha bomba jembamba la moshi wa moto ili kulipasha joto bomba la hewa, na katika chujio walitia mpira wa kuvuta hewa yenye joto kutoka penye silinda. Lakini bomba lile jembamba huzibwa na masizi kadiri miaka ipitavyo, na ule mpira wa chujio hutupwa na mafundi wasioona faida yake. Injini ikiisha kwenda dakika tano, bomba jembamba liguswe kwa uangalifu pande zote mbili. Likiwa na moto upande mmoja na baridi upande wa pili, limeziba, na sharti lizibuliwe.

VALI

Ikiwa cheche ni nene, petroli yafika, hewa haiibiwi, na gari bado lazimika likipata moto, nafasi za vali zipimwe injini ikiwa baridi kabisa. Katika injini nyingi za Volkswagen ni milimita 0.15. Nafasi hizo hubana zenyewe kwa muda, vali hazifungi sawasawa, na nguvu huvuja. Silinda ya tatu huumia kuliko nyingine, kwa kuwa katika miundo mingi ya injini hiyo kipoza-mafuta huizuilia upepo.

HATARI ZISIZONGOJA FUNDI

Katika Volkswagen pampu ya petroli imekaa jirani na distributa yenye cheche. Wako watu waliofunga chujio la petroli katika mpira uliopo juu ya vitu hivyo. Mpira ukizeeka na chujio likachomoka kwa mtikisiko, petroli humwagika juu ya cheche, na gari huungua kwa dakika chache. Chujio na lihamishwe mahali pa mbali na injini, mipira yote ya petroli ibadilishwe inapoonyesha nyufa, na kila kiungo kifungwe kwa kibanio cha chuma. Harufu ya petroli ndani ya gari si jambo la kuzoeleka. Wala injini isijaribiwe ndani ya nyumba ya gari iliyofungwa milango, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu.

Injini ikifa gari likiwa mteremkoni, dereva asitoe gia na asikanyage-kanyage breki. Katika magari ambayo breki zake husaidiwa na mvuto wa injini, akiba ya mvuto huo ni ya kukanyaga mara chache tu. Akanyage mara moja kwa nguvu na kushikilia. Volkswagen ya kawaida haina msaada huo, nayo breki zake hubaki vile vile.

Na likizimika juu ya reli, abiria na washuke kwanza wakasimame mbali, na dereva asipoteze wakati kutafuta petroli wala cheche. Ikiwa gari moshi halijaonekana na betri ina nguvu, atie gia ya kwanza, aondoe mguu kwenye klachi, na azungushe ufunguo. Starta yenyewe italivuta gari mita kadhaa kwa kurukaruka, ingawa injini haiwaki, mpaka litoke relini. Baadhi ya magari yaliyoundwa baadaye hayakubali kufanya hivyo, kwa kuwa starta zake hazizunguki klachi isipokanyagwa. Lakini Volkswagen ya zamani yenye gia za mkono hukubali.